Kabla ya kuwaita wageni wa masika

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza miji midogo ya milimani, na Lushoto mmeitaja kwa jina, ifanye nini ili watu waje kutembea mwaka mzima badala ya kujazana Juni hadi Septemba kisha kutoweka. Limenigusa pabaya. Nimefundisha huku miaka mingi, na hizo njia mnazotaka zijae ndizo ninazopita kila siku.

Njia za Usambara hazijawahi kuwa na msimu wa kufungwa. Mama anayeshusha kabichi kutoka Magamba kwenda sokoni anapita Aprili kama anavyopita Agosti, na watoto wa shule vivyo hivyo. Kwa hiyo kabla ya kuuliza wageni waje lini, mimi nauliza wakija watapita na nani, na ni nani atakayewapisha njia.

Kuhusu misimu yenyewe sina ubishi mkubwa. Juni hadi Agosti ni baridi, asubuhi ukungu, lakini njia ni kavu, na ndipo safari ya kutoka Lushoto kupitia Magamba, ukalala Rangwi kwa masista, hadi Mtae, inapokuwa tamu. Januari na Februari jua linawaka. Ukisimama Irente, kwenye ukingo wa mlima, unaiona tambarare ya Mazinde na mashamba ya mkonge yamepangwa mistari huko chini. Mwisho wa mwaka kuna plamu, na msituni wanaongezeka ndege waliokimbia baridi ya Ulaya, wakakutana na wetu, akiwemo yule mdogo wa kahawia asiyepatikana popote duniani isipokuwa Usambara Magharibi. Miezi yote hiyo waje tu. Kesi iko kwenye masika.

Nilipokaa kuandika, jibu langu lilikuwa fupi: masika tuachieni wenyewe. Kila aliyewahi kupanda kutoka Mombo, kule chini ya milima, anaijua ile barabara, mwamba upande huu na korongo upande ule. Mvua ikishika siku tatu mfululizo, mawe na udongo hushuka barabarani, na hata madereva wetu wa kila siku hupunguza mazungumzo. Halafu kuna mashamba. Udongo wetu mwekundu ukilowa hauna huruma, na mtu asiyeuzoea hukwepa utelezi kwa kukanyaga pembeni. Pembeni ni tuta la mtu. Wazee wetu waligombana na serikali ya kikoloni miaka ya 1950 kwa kulazimishwa kuchimba matuta. Leo mkulima anayachimba kwa hiari yake, anapanda majani ya Guatemala kwenye kingo ili udongo usiondoke na ng'ombe apate chakula. Kundi la watu kumi wenye viatu vizito likipita hapo siku moja ya Aprili, kingo inabomoka, na mvua ya usiku inamalizia.

Hapo ndipo nilipotaka kuishia. Lakini kuna usiku mmoja wa Pasaka ambao umekuwa ukinisumbua tangu nianze aya ya kwanza.

Mdogo wangu anayeishi Dar es Salaam alinileta wanawe wawili, msichana wa kidato cha kwanza na kaka yake mdogo. Mvua ilinyesha tangu walipoteremka kwenye basi. Kufikia Jumamosi walikuwa wamekaa dirishani wamenuna, na mimi sikuwa na la kuwapa zaidi ya chai. Jioni akapita kijana mmoja niliyemfundisha, sasa anatembeza wageni. Alisimama mlangoni na gambuti zake zimejaa tope.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, baba."

"Mvua inakatika sasa hivi. Niruhusu niwachukue watoto tukatazame vinyonga."

Msichana alikataa papo hapo. Kwetu kinyonga anaogopwa, na huko Dar naye alishasikia mengi. Kijana hakubishana naye. Alisema atakayeogopa atakaa nyuma ya mwalimu, basi ikabidi na mwalimu aende.

Hatukuingia msituni. Msitu wa Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 2010, unaingia kwa kibali, na usiku si wakati wake. Tulifuata barabara ya vumbi, wakati huo ya tope, mahali ambapo vichaka vya kandoni vinakutana na miti ya kwanza. Kijana alizima tochi mpaka tulipofika alipotaka. Alipoiwasha aliishika karibu na jicho lake, akaipitisha juu ya kichaka taratibu, safu kwa safu, akasimama. "Pale."

Sikuona kitu. Akamwinua mdogo begani, na mtoto ndiye aliyeona kwanza. Kwenye ncha kabisa ya kitawi chembamba alilala kinyonga, ngozi imepauka hata ikawa nyeupe kwenye mwanga, mkia umeviringwa, pembe mbili bapa zimetangulia mbele ya pua. Tone la maji lilining'inia kwenye pembe moja na halikudondoka muda wote tuliosimama. Kijana alieleza kwa sauti ya chini kwamba anachagua ncha kwa sababu nyoka akija kitawi kitatikisika, naye atajiachia aanguke kabla hajafikiwa. Mdogo akanyoosha mkono. "Hapana, bwana mdogo. Huyu amelala."

Alituonyesha wengine. Alivijua vichaka kimoja kimoja, na nilipomuuliza amejifunzia wapi akasema bila kusita: alipokuwa mtoto walikuwa wakiwakamata usiku hivyo hivyo na kuwauza kwa watu waliokuja na magunia ya kitambaa. Kabla serikali haijasitisha usafirishaji wa wanyama hai nje ya nchi mwaka 2016, ilikuwa kazi ya kawaida huku. Msichana alikuwa ametoka nyuma yangu muda mrefu. Yeye ndiye aliyeuliza, "Kaka, na sasa unakula nini?"

Akamjibu kwamba Juni hadi Septemba anakula kwa wageni. Desemba kidogo. Machi hadi Mei anashuka Tanga kuwa saidia fundi, na mwaka ule alikuwa amechelewa kushuka tu.

Mvua ilirudi tukiwa mbali. Kuna njia ya mkato inayopita mashambani ambayo ingetufikisha nyumbani upesi, nikaielekea. Akanizuia kwa heshima: "Mwalimu, hapo alfajiri wanapita akina mama na mizigo. Tukiivuruga usiku huu watateleza." Tukazunguka barabarani, tukafika tumelowa chapachapa, na wale watoto hawakuomba tena kurudi Dar mapema.

Nimeandika hayo yote kwa urefu kwa sababu kila hoja niliyoitoa dhidi ya masika, kijana huyo alikuwa na jibu lake miguuni, na kila Machi tunamwacha aende kubeba zege.

Basi jibu langu, Mhariri: waje hata masika, lakini kwa masharti. Waje wachache, walale mjini, watembee mwendo mfupi na mwenyeji. Safari ya Mtae isubiri njia ikauke. Magamba waingie kwa kibali, wafuate njia zilizowekwa, na dereva akisema leo hatupandi kutoka Mombo asibembelezwe. Wasitegemee Irente iwape picha. Aprili pale mara nyingi utaona ukungu mtupu. Wanaotaka tambarare waje Januari. Wa Aprili wataona mikulo, ile miti mikubwa ya msituni, inavyotiririsha maji, vijito vimejaa, na vinyonga.

Nasema hivyo nikijua kwamba wakija wengi nitajuta. Kundi moja lisilo na mwongozaji linatosha kuharibu kingo iliyochukua msimu mzima kushika. Na suala la wenye mashamba bado halijanikaa sawa. Mgeni analipia kibali, analipia chumba, analipa wa kumtembeza. Yule ambaye njia inakata katikati ya maharage yake hapati hata senti, na masika ndipo maharage yake yanapokuwa shambani. Jarida likiuliza swali jingine kuhusu milima yetu, naomba liwe hilo.