Sketi ya Bibi, Daladala ya Asubuhi

Juzi msomaji mmoja aliniandikia: “Dada, nimeshona sketi pana kama ile yako. Nimepinda vizuri kabisa, siku ya tatu mbele na nyuma pameshuka katikati. Nimekosea wapi?” Ujumbe ule umenikuta nimekaa kwenye cherehani, ukanirudisha mwaka 2017, siku niliyorudi nyumbani kutoka kwa fundi nikilia.

Mama alikuwa ameniachia kitenge cha ndege wa bluu. Nilitaka kishonwe kama sketi aliyovaa bibi kwenye picha yake ya studio ya miaka ya sitini: kiuno kimekamatwa, chini imemwagika hadi chini ya magoti. Wengi wakisikia miaka ya sitini wanafikiria sketi fupi tu, zile zilizopigwa vita Dar es Salaam na Operesheni Vijana ya Umoja wa Vijana wa TANU kuanzia Januari 1969. Bibi hakuwa wa hizo. Yake ilikuwa ya umbo la zamani zaidi, lile ambalo mbunifu Mfaransa Christian Dior alilitikisia Paris Februari 1947, watu wametoka vitani na wamechoka kubaniwa vitambaa.

Fundi alikata nusu duara mbili, moja akaigeuza juu chini ili kuokoa kitambaa. Mbele ndege walisimama, nyuma wote vichwa chini. Nilipomwonyesha akasema, “Nani atakuangalia nyuma?” Kitenge cha marehemu mama! Miaka imepita na neno lile bado linaniuma. Wiki hiyo hiyo nikaanza kutafuta cherehani ya mkono.

Sitawachosha na miezi ya kufumua na kushona upya. Ya kwanza niliyoivaa hadharani ilikuwa duara kamili, na mzunguko wa pindo lake ulikaribia mita 5. Ilipendeza sana nikiwa nimesimama. Kwenye daladala kila aliyepita aliikanyaga, na upepo wa Posta ukanifanya nitembee nimeishika kwa mikono miwili. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba bibi alivaa ile kwenda kupiga picha, mimi naivaa kwenda kazini. Kilichofaa kubaki ni kiuno, upana ulipaswa kupungua.

Sasa nakata nusu duara. Pima kiuno ukiwa umekaa, narudia, ukiwa umekaa. Mimi nikisimama ni sentimita 73, nikikaa ni 76, na hizo tatu ndizo zitakazokubana njia nzima kutoka Mbagala. Gawanya 76 kwa 3.14, unapata kama 24. Kunja mita 2 za kitenge katikati, shika futi ya kupimia kwenye kona isiyo na mkunjo, chora tao la sentimita 24, kisha tao la pili ukiongeza urefu unaoutaka; vinatoka vipande viwili vya robo duara, cha mbele na cha nyuma. Wangu ni 65, na 3 za pindo, ukijumlisha na zile 24 unapata 92. Kitenge cha upana wa kama sentimita 115 kinatosha na mabaki yanatoa mkanda na mfuko. Usisahau kuacha nafasi ya mshono, ila tao la kiuno uliachie sentimita moja tu kwa ndani. Pindo linatoka mita 2.8 hivi: inacheza ukitembea, inatulia ukikaa.

Kabla ya yote, loweka kitenge uondoe wanga, maana kikija kurudi baada ya kushonwa umeumia. Chagua maua madogo yasiyo na juu wala chini, kwa sababu ukikata hivi michoro inalala mshazari mbele. Zipu iwe ubavu wa kushoto, mfuko kulia. Ndani ya mkanda weka kile kitambaa kigumu cha kola za mashati, kinachobandikwa kwa pasi, la sivyo mkanda unajikunja kabla ya saa sita mchana.

Dada zangu, tuache kushona nguo za kungoja harusi. Kabati limejaa vitu vizuri halafu Jumatatu tunavaa kilichochoka. Jumatatu nayo ni siku ya maisha yako! Wiki iliyopita mama mmoja kwenye mwendokasi alinigusa bega akaniuliza fundi wangu yuko wapi. Nikamwambia, “Ni mimi.” Nilirudi nyumbani nimejaa furaha.

Na wewe uliyeniandikia, mkono wako ni mzuri, ulikosa subira tu. Katikati ya mbele na nyuma kitambaa kimekaa hanamu, yaani nyuzi zake zimelala mshazari, na hanamu hurefuka kwa uzito wake. Fumua pindo leo. Itundike sketi kwa mkanda wake usiku kucha na mchana wake. Kesho ivae, umwombe mtu apime kwa rula kutoka sakafuni, aweke alama za chaki kuzunguka, ukate palipozidi ndipo upinde. Pindo liwe jembamba, sentimita moja na nusu inatosha, kwa sababu pana linakunjamana kwenye tao. Ukimaliza nitumie picha, ya mbele na ya nyuma.