Nywele zimegeuka rangi ya chungwa baada ya blichi

Pole sana, dada yangu, kwa kuwa blichi uliyoweka kuondoa rangi nyeusi uliyokuwa umepaka imekuachia nywele za chungwa zenye mabaka meusi. Rangi hiyo ya chungwa ni sehemu ya rangi ya asili ya nywele zako, ambayo blichi imeifunua lakini haijaimaliza. Shampuu ya zambarau uliyoshauriwa kutumia huzima rangi ya manjano. Kwa chungwa unahitaji shampuu ya buluu, ambayo utaiacha kichwani kwa dakika 3 hadi 5, mara moja au mbili kwa wiki, kisha upake kondishena. Shampuu hiyo haing'arishi nywele, inapunguza rangi ya chungwa tu.

Mabaka meusi yaliyobaki hayataondoka kwa kupaka rangi nyepesi juu yake, kwa kuwa rangi haiondoi rangi. Tumia dawa maalumu ya kuondoa rangi ya kudumu, na baada ya hapo suuza kwa maji mengi kwa muda wote ulioandikwa kwenye pakiti, kwani masalia ya rangi yakibaki ndani ya unywele hugusana na hewa na kuwa meusi tena. Wengi hukosea hapo.

Ikiwa nywele zako zimetiwa dawa ya kulainisha, nakusihi usirudie blichi, maana zitakatika. Ikiwa uliwahi kupaka hina yenye chumvi za madini, jaribu kwanza blichi au dawa ya kuondoa rangi kwenye nywele chache ulizozikata. Dawa ya kung'arisha nguo isiguse kichwa chako kabisa.