Maswali ya gereji: plagi, chujio na upepo kwenye mafuta

Msimu wa korosho unanukia na wenye pikapu wameanza kuuliza. Tumechukua maswali saba. Moja tu kwa wote kabla hatujaanza: kifaa unachokitoa ndicho kinachoeleza ugonjwa wa injini, kwa hiyo kisiende jalalani kabla hujakitazama.

Nina Hilux ya petroli ya zamani, injini 22R ya kabureta. Inamisi, yaani inakatakata kama silinda moja haiwaki. Nimefunga plagi nne mpya na bado inamisi. Nimekosea wapi? (Masasi)

Pengine kwenye kufunga hujakosea, ndugu yetu. Umekimbilia dukani kabla ya kujua ni silinda gani inayolala.

Washa injini, iache ingurume bila kukanyaga mafuta. Chomoa waya wa plagi mmoja kwa koleo lenye mpira, sikiliza, urudishe, kisha nenda kwenye wa pili. Ukichomoa na injini ikayumba, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Ukichomoa na mngurumo usibadilike, hiyo ndiyo iliyolala. Waya uliouchomoa usiuache ukining'inia hewani: uvalishe kwenye plagi ya akiba iliyogusa chuma cha injini, la sivyo umeme utatafuta njia nyingine, na njia hiyo inaweza kuwa koili au mkono wako.

Sasa zima injini, ipoe, kisha hamisha plagi ya silinda iliyolala uipeleke kwa jirani yake. Misi ikihama na plagi, plagi ndiyo mbovu, hata kama ni mpya. Ikibaki palepale, jaribu kuhamisha waya. Waya nao ukiwa mzima, fungua kifuniko cha distributa, kile kinachogawa umeme kwa plagi, utazame ndani: ufa mwembamba mweusi kama unywele, au ncha zilizoliwa zikawa na ukungu mweupe. Hapo pia pakiwa safi, ni zamu ya kupima mgandamizo wa silinda. Valvu iliyoungua haiponi kwa plagi.

Ufungaji wenyewe uko hivi. Injini iwe imepoa, kwa sababu kichwa chake ni cha aluminiamu na hesi zake, yaani meno ya kufungia plagi, zikiwa za moto huchunika upesi. Puliza mchanga kwenye mashimo kabla ya kufungua. Barabara zetu za ndani zinaujaza humo, na punje moja ikidondokea kwenye silinda itakwangua ukuta. Fanya silinda moja kwa wakati ili waya zisichanganyike. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2, na ukizivuka mbili tu kabureta itakupigia chafya ya moto. Plagi za injini hii hufunguliwa kwa boksi spana ya mm 21, na pengo lake ni mm 0.8. Pima kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia pengo, hata zikiwa zimetoka kwenye boksi, maana huanguka dukani. Kurekebisha, pinda ule mkono wa pembeni tu. Usiegemeze kitu kwenye ncha ya katikati, kauri yake hupasuka kwa ndani usione.

Kuanzia hesi usitumie spana. Chukua kipande cha mpira wa mafuta wa zamani, urefu wa shibiri, kivalishe kichwani mwa plagi, kisha zungusha mpira kwa vidole. Hesi zikikaa upande, mpira utateleza wenyewe kabla hujaharibu kitu. Plagi ikishakalia washa yake, ile pete ya chuma shingoni, ongeza kwa spana nusu hadi theluthi mbili ya mzunguko kama ni mpya. Kama ni ileile uliyoitoa, washa yake imeshakandamizwa, kwa hiyo sehemu ya kumi na mbili ya mzunguko inatosha. Wengi wanaoua hesi wanaziua hapa, kwa kuvuta mpaka "isikie".

Plagi zangu zote nne zimetoka nyeupe. Fundi anasema ni nzuri, zinaungua safi. Lakini gari linakosa nguvu nikipanda Newala, nikisimama kidogo linaenda tena. (Tandahimba)

Nyeupe si safi. Rangi ya afya ni kahawia hafifu au kijivu. Nyeupe ya chokaa, hasa yenye vidonge vidogo vilivyoyeyuka, ina maana chumba kinapata joto kupita kiasi, na sababu ya kawaida ni mafuta kuwa machache kuliko hewa. Ukiunganisha na hiyo dalili ya mlimani, mshukiwa wa kwanza ni chujio la petroli. Tambarare injini inakunywa kidogo na chujio lililoziba linatosha. Mlimani inadai zaidi, bakuli la kabureta linakauka. Ukisimama bakuli linajaa taratibu na gari "linapona".

Chujio la gari la kabureta ni kikopo kidogo kwenye njia ya mafuta, kina mshale. Mshale uelekee mafuta yanakokwenda, yaani upande wa injini. Petroli iliyobaki kwenye lile la zamani imwage kwenye sahani nyeupe: ukiona unga wa kutu, tanki ndilo linalokutuma dukani kila mara, na chujio jipya nalo halitakaa. Kama chujio ni zima, ndipo uangalie hewa inayovuja chini ya kabureta, taimingi (wakati wa cheche kuruka), na kama plagi si za joto kupita zinazotakiwa. Kwa plagi za kampuni za NGK na Denso zote mbili, namba ya joto ikiwa kubwa plagi ni ya baridi zaidi. Wengi hudhani ni kinyume.

Kwa kuwa tumegusa rangi: nyeusi kavu kama masizi ni mafuta mengi, choki (kile cha kupunguza hewa wakati wa kuwasha) iliyoganda au chujio la hewa lililojaa vumbi. Nyeusi yenye utelezi ni oili inayopita kwenye ringi au sili za valvu. Iliyolowa na kunuka petroli haikuwaka kabisa.

Plagi imeganda, haitoki. Gari linalala mita chache kutoka baharini. (Mikindani)

Chumvi hiyo. Usivute kwa nguvu mara moja. Injini ikiwa imepoa, dondoshea oili ya kupenyeza kuzunguka shina la plagi, iache ilale usiku mzima. Asubuhi legeza robo mzunguko, rudisha kukaza kidogo, legeza tena, ukiongeza oili. Ikianza kulia kama mlango wa zamani, rudi nyuma. Ukiendelea kuvuta, hesi za aluminiamu zitatoka pamoja na plagi.

Plagi mpya yenye hesi za kung'aa haihitaji grisi. Ukiipaka hesi zinateleza, na mkono ule ule unakaza kuliko ulivyokusudia. Afadhali uzitoe na kuzirudisha mara moja kwa mwaka.

Hilux yangu ni dizeli. Mbona sioni waya wa plagi? Na asubuhi inasumbua kuwaka. (Ruangwa)

Dizeli haina plagi za cheche, huwaka kwa joto la mgandamizo. Ina hita plagi, za kupasha chumba. Kwa joto la huku kwetu lakini, hita plagi moja ikifa hata hutajua. Kabla ya kuzinunua, bonyeza-bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya chujio kisha piga selfu. Likiwaka papo hapo, shida ni upepo: dizeli inarudi tanki usiku kwa sababu kuna mahali panapovuta hewa.

Nimebadilisha chujio la dizeli mwenyewe. Gari halikuwaka tena, nimepiga selfu mpaka betri ikaisha. (Nachingwea)

Pole. Chaji betri kwanza, na kuanzia sasa selfu isizidi sekunde 10 hadi 15 kwa mara moja, kisha ipumzike nusu dakika.

Fungua chujio ulilofunga na utazame lilipokalia. Mara nyingi raba ya chujio la zamani hubaki imenata juu, mpya ikapandishwa juu yake. Raba mbili hazizibi, zinavuta upepo. Itoe, futa, paka raba mpya dizeli kidogo, kaza kwa mkono hadi iguse, kisha robo tatu ya mzunguko. Mkono tu. Kihisio cha maji ulichohamisha kutoka chini ya lile la zamani nacho kina kiraba chake, na ndicho kinachosahaulika.

Kisha pampu kwa mkono. Mwanzoni utaisikia laini, inabonyea bure. Endelea, inaweza kufika mara 60, mpaka iwe ngumu. Ikigoma kuwa ngumu, bado kuna panapovuja: koki ya chini, au mpira wa mafuta uliopasuka pale unapofungwa. Ikiwa ngumu na gari haliwaki, na injini yako ni ya zamani kama 3L au 5L, legeza nati za mabomba kwenye nozeli mzunguko mmoja, piga selfu hadi dizeli itoke bila mapovu, kaza.

Kama ni D-4D, yaani 1KD au 2KD, usiguse nati hizo kabisa. Mfumo wake una mgandamizo unaozidi bar 1,000. Mchirizi wake hupenya ngozi na kuingiza dizeli mwilini, na kidonda hicho ni cha kukimbizwa hospitali hata kikionekana kama tundu la sindano. Kwenye injini hizi pia usijaze chujio jipya kwa kumimina dizeli kwenye tundu la katikati. Huko ni upande uliokwisha kuchujwa. Iache pampu ya mkono ilijaze.

Taa ya chujio inawaka kwenye dashibodi. Napakia samaki kwenda vijijini na huko nanunua dizeli ya dumu. (Kilwa Masoko)

Hayo ni maji, dada. Weka chupa ya plastiki inayoonyesha ndani chini ya chujio, legeza koki mizunguko miwili, pampu taratibu. Maji yatakaa chini ya chupa na dizeli itaelea juu, utaona mstari. Ikianza kutoka dizeli tupu, funga koki kwa vidole bila koleo, ni ya plastiki. Taa ikiendelea kuwaka baada ya hapo, angalia waya wa kihisio.

Dizeli ya dumu iache itulie usiku, mimina bila kutikisa, lita ya mwisho usiitie. Kitambaa kinazuia mchanga lakini maji yanapita. Na chujio ambalo kwa kawaida hubadilishwa kila km 20,000, wewe libadilishe kila 10,000.

Pikapu yangu ya petroli ya EFI (haina kabureta, petroli hupulizwa kwa mfumo wa umeme) nimeifunga mfumo wa gesi. Plagi zibaki zilezile? Na chujio la petroli bado lina kazi? (Mtwara mjini)

Gesi asilia inahitaji umeme mkali zaidi kuruka pengo. Kwa hiyo plagi yenye namba inayoishia na 11, yaani mm 1.1, mara nyingi huanza kumisi ukikanyaga. Mafundi wa gesi hushusha hadi mm 0.7 au 0.8. Kama ni iridiamu usiipinde, nunua yenye pengo dogo tangu kiwandani.

Chujio la petroli bado lina kazi, kwa kuwa gari huwaka kwa petroli kwanza. Kwenye pikapu nyingi za EFI limo ndani ya tanki pamoja na pampu. Kabla ya kufungua bomba lolote, chomoa fyuzi ya pampu injini ikiwa inawaka, iache ijizime, piga selfu mara moja, kisha toa waya hasi wa betri. Na tanki la petroli uendelee kuliweka robo au zaidi, pampu hupozwa na petroli inayoizunguka.