Uma wa kulimia si uma wa biriani

Wiki iliyopita dada mmoja wa Likoni aliniandikia akitaka kujua kwa nini uma wake mpya wa kulimia umepinda jino kabla hata hajamaliza tuta la kwanza la mchicha. Nilicheka, kisha nikanyamaza, kwa kuwa swali lake lilinirudisha nyuma ya nyumba yetu Kisauni mwaka wa 2019, siku ambayo, nikisema kweli, bado inaniuma.

Masika yalikuwa yanakaribia, nami nilikuwa nimejitosa katika kilimo cha mabamia na bilingani kwa ari ya mtu aliyekwisha kuhesabu fedha za mauzo kabla ya kupanda. Nilikwenda dukani mjini, nikavutiwa na uma uliopakwa rangi ya kijani inayometameta, nikaulipia shilingi 850 bila hata kuuinua nipime uzito wake. Udongo wetu ni mchanga juu na jiwe la matumbawe chini, jiwe la aina ile ile ambayo Wareno waliijengea ngome ya Fort Jesus hapa Mombasa kuanzia mwaka wa 1593, na kuta zake zingali zimesimama. Nilipochoma mara ya tatu, jino la pembeni liligota jiwe hilo. Nikaegemea mpini ili kulibandua, na jino likainama taratibu bila kelele. Nililinyoosha kwa nyundo, likakatika pale pale lilipochomelewa, nami nikaona kwamba kilichokuwa kimeshika ni ganda la nje tu, huku katikati chuma hakijakutana na chuma.

Mjomba wangu alikuwa barazani akitazama yote. "Mpwa wangu," akasema, "uma huo ni wa kulia biriani, na biriani yenyewe sisi twaila kwa mkono." Maneno hayo yalizunguka mtaa mzima kabla ya magharibi. Nilipourudisha uma dukani, muuzaji aliutazama udongo uliogandamana kwenye meno na kuniambia kwamba kilichokwisha kutumika hakirudishwi, kisha akamgeukia mteja mwingine.

Uma nilio nao sasa niliununua kwa shilingi 2,600, na Jumamosi iliyopita nilimaliza nao matuta sita kwa asubuhi mbili. Kichwa chake kimefuliwa kuwa kitu kimoja, yaani meno manne na shingo havikuunganishwa kwa kuchomelea, na hilo ndilo jambo la kwanza la kutafuta. Pitisha kidole mahali jino linapoingia shingoni: ukihisi uvimbe wa kuchomelea chini ya rangi, rudisha uma rafuni. Meno ya kulimia yawe mazito na ya pembe nne, yenye urefu wa sentimita thelathini hivi, kwa sababu yale membamba yaliyopinda ni ya kuzolea samadi na nyasi, wala hayakukusudiwa kuvunja ardhi iliyoshikana. Tundu linalopokea mpini liwe refu na lifungwe kwa ribiti, maana ukiegemea uma, nguvu zako zote huishia hapo. Mpini wa mti uangaliwe nyuzi zake: zikienda sambamba na urefu wake utadumu, zikikata mshazari utapasuka, hata kama mti wenyewe ni mgumu. Na usione haya kuusimamisha uma sakafuni, kukanyaga bega lake kwa mguu mmoja na kuuegemea kidogo mbele ya muuzaji; akikukataza, amekwisha kukujibu.

Narudia, tazameni shingo. Tunatumia saa nzima kukagua simu, tunauliza betri, tunauliza kamera, kisha chombo kitakachotulisha tunakichukua kwa sababu rangi yake inapendeza, na mchicha usipoota tunasema ardhi ya Pwani haina baraka. Ardhi haina kosa. Uma hulegeza udongo na kuacha mizizi mingi na nyungunyungu wakiwa wazima kuliko sepetu inayokata kila kitu, lakini haukuumbwa kung'oa mawe. Ukigota jiwe, weka uma kando uchukue mtaimbo, hata kama uma wako ni bora kuliko wangu. Halafu upanguse kabla ya kuingia ndani na uyapake meno mafuta kidogo, kwa kuwa upepo wetu una chumvi na usiku mmoja tu wa umande hutosha kuleta kutu. Mpini nao usiuache juani. Wangu mmoja ulikauka ukaanza kucheza ndani ya tundu, nami nikamlaumu fundi asiyekuwa na hatia.

Jana usiku dada wa Likoni alinitumia picha ya shingo ya uma wake. Ukiikuza picha unauona uvimbe wa kuchomelea chini ya rangi ya kijani, na kijani hicho nakifahamu vizuri sana.