Hita ya Gesi Bafuni: Hewa Iingie Wapi, Moshi Utoke Wapi?

SWALI: Nimefungiwa hita ya gesi ya lita 6 kwa dakika ndani ya bafu. Bafu ni mita 1.5 kwa 2, dirisha ni la alminiamu la kuslaidi, na bomba la moshi limeishia juu ya jipsamu. Fundi anasema dirisha linatosha. Ni kweli?
Msomaji, Tabata

JIBU: Hapana, ndugu msomaji. Tunakuomba uizime hita hiyo leo na usiiwashe mpaka irekebishwe.

Hita ya lita 6 hutumia takriban kilowati 12, yaani karibu kilo moja ya gesi ikiwaka saa nzima. Kilo moja ya gesi ya mtungi huhitaji kama mita 12 za ujazo za hewa ili iungue yote. Bafu lako, dari ikiwa mita 2.6, lina mita za ujazo 7.8 tu. Na hatari haingoji hewa iishe. Oksijeni ya kawaida ni asilimia 21. Ikishuka kukaribia 18, gesi haiungui sawasawa na moto huanza kutoa kaboni monoksaidi, sumu isiyo na rangi wala harufu. Ile harufu ya mtungi unaovuja hutiwa makusudi kwenye gesi. Sumu hii haina wa kuitilia harufu. Dirisha halihesabiki, maana anayeoga hulifunga.

Kosa la pili ni kubwa vilevile. Bomba linaloishia juu ya jipsamu huujaza moshi darini, nao hushuka vyumbani kupitia nyufa na matundu ya taa. Litolewe nje kabisa, kipenyo chake kisiwe chembamba kuliko mdomo wa hita, na sehemu inayolala ipande angalau sentimita 2 kwa kila mita. Mdomo wake ukae mita 1.2 au zaidi kutoka kwenye madirisha. Kama bafuni kuna feni ya kutoa hewa, izimwe isitumike: huvuta moshi urudi chini.

Lakini ushauri wetu hasa ni kuiondoa hita bafuni. Nchi za baridi huficha mitambo hii ndani kwa kuogopa maji kuganda kwenye mabomba. Dar hatuna hofu hiyo. Nunua aina iliyotengenezwa kukaa nje, ifungwe ukuta wa nje chini ya paa, mbali na madirisha, na mtungi ubaki nje pia.

Ikilazimu hita yenye bomba la moshi ikae stoo, toboa matundu mawili yanayofika nje: moja ndani ya sentimita 30 kutoka sakafuni, jingine ndani ya sentimita 30 kutoka darini. Kila moja lipitishe hewa kwa sentimita za mraba 5.5 kwa kila kilowati. Kwa hita yako ni 66. Hesabu uwazi wenyewe, si ukubwa wa fremu. Luva (vibao vya mshazari vinavyofunika tundu) za chuma huacha wazi kama robo tatu, hivyo tundu la sentimita 10 kwa 10 linatosha. Za mbao huacha robo tu, hapo utahitaji 17 kwa 17.

Kisha pima. Funga milango na madirisha, washa hita dakika 10, sogeza kijiti cha udi kinachofuka kwenye uwazi ulio chini ya bomba la moshi. Moshi wa udi uvutwe ndani. Ukisukumwa usoni kwako, zima na umwite fundi.

SWALI: Jioni tukishaoga tunaumwa kichwa na kichefuchefu, nyumba nzima. Tumepima malaria, hakuna. Yaweza kuwa hita?
Mama wa watoto wawili, Mbezi

JIBU: Yawezekana sana, mama, hasa kama mkitoka nje mnapata nafuu. Ishara nyingine ni moto wa njano badala ya bluu, na masizi juu ya hita. Zimeni, fungueni kila kitu, tokeni, nendeni hospitali. Mwambieni daktari kwamba mnatumia hita ya gesi ili apime damu: kile kipimo cha kubana kidoleni huweza kuonyesha oksijeni nzuri hata mtu akiwa na sumu hii mwilini. Mtu akizirai, mpelekeni kwenye hewa safi na pigeni 114, Zimamoto.

SWALI: Matundu ya hewa yanaingiza mbu. Niweke wavu?
Msomaji, Kigamboni

JIBU: Wavu wa mbu, hapana. Huziba kwa vumbi na nyuzi, na hewa hukatika bila wewe kujua. Weka wenye macho ya milimita 6 au zaidi, kwa ajili ya panya na mijusi. Mbu uwazuie kwa wavu wa mlango wa ndani na chandarua. Kila mwezi kagua pia mdomo wa bomba la moshi. Nyigu hujenga viota vya udongo humo, na kwa chumvi ya pwani bomba la bati hutoboka upesi, hivyo chagua la chuma kisichoshika kutu.