Gari imezeeka sawa, ila usikimbilie oili ya 20W-50

Juzi kuna kijana wa Pongwe kaniandikia, "kaka nina Corolla 110 fundi kasema nimwage oili ya 5W-30 niweke 20W-50 kwa vile gari imezeeka, nifanyeje?" Kwakweli moyo ulinienda mbio, maana maneno hayohayo niliambiwa mimi pale Ngamiani.

Yangu ilikuwa 110 ya mwaka 1998, injini 5A, asubuhi ukiwasha inatoa moshi wa bluu kidogo halafu unakata. Fundi akaweka 20W-50, moshi ukapungua, nikafurahi mpaka nikaacha kuangalia stiki ya kupimia oili. Kumbe moshi wa kuwashia asubuhi mara nyingi ni valvu sili zimechoka, vile vimpira vinavyozuia oili isipite kwenye valvu, oili inachuruzika usiku inaingia kwenye silinda, ukiweka nzito inachuruzika polepole tu ila sili ni zilezile na oili inaendelea kuliwa. Miezi mitatu baadae natoka Korogwe na mama yangu yuko siti ya nyuma, tumeipita Hale, taa nyekundu ya birika, ile ya presha ya oili, ikawaka kwenye kona, ikazima, ikawaka tena, kabla sijapaki injini ishaanza kugonga. Nachomoa stiki, kavu, nchani tu kuna tone jeusi. Nikanunua injini nyingine ya mtumba, na fundi yule mpaka leo simu yangu hapokei. Inaniuma bado.

Sasa hizo namba jamani tuzielewe. Ya mbele yenye W ni habari ya baridi kali, baridi ya chini ya sifuri, hata Lushoto mwezi wa saba hufiki huko. Ya nyuma ndio uzito wa oili ikishapata moto wa nyuzi 100, kwahiyo 50 ni nzito kuliko 30. Fungua kitabu cha gari, hata kama ni cha Kijapani namba zinasomeka, anza na hiyo iliyoandikwa. Kama injini imelika kweli na ikishapata moto taa ya birika inachezacheza kwenye sailensa, yaani injini inaunguruma bila kukanyaga mafuta, pima kwanza presha ya oili, ndio upande ngazi moja, 10W-40 au 15W-40, sio kuruka mpaka 50. Na stiki kila wiki, narudia, stiki kila wiki! Injini yangu hii ya sasa inatumia 10W-30, mwezi uliopita nimeenda Dar na kurudi sijaongeza hata tone.

Mdogo wangu wa Pongwe, usimwage kitu bado. Leo paki sehemu iliyo sawa, kesho asubuhi kabla hujawasha chomoa stiki, ifute, irudishe, chomoa tena, nitumie picha. Halafu niambie moshi unauona ukiwasha tu au ukikanyaga mafuta, maana ukiuona ukikanyaga, hizo ni ringi za pistoni zimechoka.