Programu inaganda karani akipima mpunga

SWALI: Salaam Mwalimu. Nimemwandikia mama mmoja mwenye ghala la mpunga hapa Ahero programu ya kompyuta, kwa Python na PySide6, yaani Qt, maktaba ya madirisha, kwa ajili ya Python. Mizani imeunganishwa kwa kebo ya siriali. Karani akibonyeza "Pima", uzito wa gunia unaingia kwenye hifadhidata ya SQLite. Shida ni kwamba akibonyeza, dirisha linaganda mpaka mizani ijibu. Na mama akiitisha ripoti ya msimu mzima, skrini inakuwa nyeupe, Windows inasema programu haijibu, na karani anaizima kwa nguvu. Marafiki wananiambia niweke thredi, yaani mkondo wa pili wa kazi ndani ya programu ile ile, ila kila mmoja na maktaba yake: huyu anataka threading ya Python yenyewe, yule QThread, mwingine asyncio. Nishike ipi?
— Kijana wa Ahero

JIBU: Kijana, marafiki zako wameruka hatua. Kabla ya kuuliza thredi ipi, uliza ni kazi gani inayostahili thredi. Wewe una kazi mbili, na mojawapo haihitaji thredi kabisa.

Programu ya Qt ina thredi kuu moja, na hiyo hiyo ndiyo inayochora dirisha na kupokea kila mbonyezo wa panya na kibodi. Ni kama duka lenye mhudumu mmoja: akiingia stoo kutafuta misumari, foleni yote inasimama. Windows ikiona dirisha halijashughulikia ujumbe wowote kwa sekunde 5 hivi, inalipaka weupe na kutangaza kwamba halijibu. Programu yako haijafa hapo. Anayeiua ni karani.

Tuanze na mizani. Bila shaka unasoma poti kwa pyserial, maktaba ya Python ya poti za siriali, na funksheni yake ya readline bila muda wa ukomo husubiri mpaka mstari ufike, hata kama kebo imechomoka. Badala ya kuisukumia kwenye thredi, tumia QSerialPort, ambayo ni ya Qt yenyewe na imo ndani ya PySide6. Unafungua poti, unaunganisha ishara ya readyRead na funksheni yako, basi. Data ikifika, Qt itakuita. Isipofika, dirisha linaendelea na shughuli zake. Tahadhari moja: readyRead haikuahidi mstari mzima. Unaweza kupokea "ST,GS,+008" sasa hivi, na "4.5kg" ije baadaye kidogo, ukaandika kilo 8 kwa gunia la kilo 84.5. Kwa hiyo uliza canReadLine kwanza, ndipo usome. Soma pia mwongozo wa mizani yako: nyingi hutanguliza ST uzito ukishatulia na US ukiwa bado unacheza. Hifadhi uliotulia tu. Karani ana haraka, lakini mkulima aliyesimama kando ya gunia anaangalia hata ile nusu kilo.

Ripoti ni jambo jingine, ingawa hata hapo nisingekimbilia thredi. Weka maneno EXPLAIN QUERY PLAN mbele ya swali lako la SQL. Ukiona SCAN kwenye jedwali la vipimo, SQLite inapekua safu zote tangu siku ya kwanza. Weka faharasa (index) kwenye safu wima ya tarehe, ujaribu tena. Nimeona ripoti za aina hii zikitoka dakika nzima hadi kufumba na kufumbua, na habari ya thredi ikaishia hapo.

Kama bado inachelewa, shika thredi ya Qt, yaani QThread. Msimamo wangu ni kwamba maktaba ya thredi ifuate maktaba ya dirisha. Kuanzisha thredi si kazi. Maktaba yoyote itakuanzishia kwa mistari miwili. Kazi ni kurudisha jibu. Qt hairuhusu thredi nyingine kugusa kitu chochote kilicho kwenye dirisha. Ukiita setText kutoka huko, leo itakubali, kesho itakubali, na siku ya malipo, wakulima wamejaa mlangoni, programu itazimika bila kuaga. Ishara za Qt zinakuondolea balaa hilo: mpokeaji akiwa anaishi kwenye thredi nyingine, Qt inauweka ujumbe kwenye foleni ya thredi yake, naye anaushughulikia kwa zamu.

Tengeneza basi kitu cha QObject chenye ishara mbili, moja ya kukamilika na moja ya kushindwa, ukihamishe kwa moveToThread. Thredi yenyewe uishike kwenye self ya dirisha. Ukiiacha kama kigeu cha ndani ya funksheni, Python itaifagia na Qt itaanguka ikilalamika kwamba QThread imeharibiwa ingali inafanya kazi. Mama akifunga dirisha, ita quit, kisha wait.

Muunganisho wa SQLite ufungue ndani ya thredi hiyo ya ripoti, usiazime ule wa dirisha. Moduli ya sqlite3 itakukatalia ukijaribu, na wengi huinyamazisha kwa check_same_thread=False. Usiwaige. Washa WAL, hali ya uandishi isiyozuia wasomaji, ambayo SQLite imekuwa nayo tangu 2010, na karani ataendelea kupima magunia ripoti ikiwa inasomwa.

Anayesifia threading hajakudanganya. Hata thredi ya Python inaweza kutoa ishara ya Qt na jibu likafika salama. Ila asikuahidi mbio. Threading na QThread zote mbili ziko chini ya kufuli lile lile la Python, GIL, linaloruhusu thredi moja tu kuendesha msimbo wa Python kwa wakati mmoja, kwa hiyo hesabu nzito za Python haziendi kasi kwa kubadilisha maktaba. Toleo la 3.13 la mwaka 2024 lilileta Python ya majaribio isiyo na kufuli hilo. Ichezee nyumbani, si kwenye ghala la watu. Asyncio nayo ina mzunguko wake wa matukio, na Qt ina wake. Kuipatanisha miwili kwa ajili ya ripoti moja ni kujitafutia shughuli.

SWALI: Mimi niko Nakuru, nina programu ya duka la dawa za mifugo niliyoandika kwa Java na Swing, maktaba yake ya madirisha. Kupakia orodha ya bei kutoka faili kubwa kunagandisha dirisha. Nitumie Thread ya kawaida au ExecutorService?
— Muuzaji, Nakuru

JIBU: Ziache zote mbili, tumia SwingWorker. Imo ndani ya Java tangu toleo la 6 la mwaka 2006. Usomaji wa faili uende doInBackground, kujaza jedwali kuwe kwenye done, ambayo huitwa kwenye thredi ya matukio, ile inayochora dirisha. Ndani ya done, ita get hata kama huna haja na jibu: faili likikosekana, kosa hukaa kimya humo mpaka get iitwe, nawe utabaki kushangaa kwa nini jedwali ni tupu. Na usiipe kazi isiyokwisha, kama kukesha ikingoja kisoma misimbopau. Ina thredi 10 tu za kugawana programu nzima.